Gaspar wa Itigi na kanisa la zamani katikati ya mizeituni

Wadau, leo tuanze na swali jepesi. Hospitali ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi inajulikana Singida nzima, na ukivuka kwenda mikoa ya jirani bado inajulikana. Ni hospitali ya rufaa na ya kufundishia, na jina lake limeandikwa kwenye kadi za wagonjwa wasiohesabika. Sasa swali: huyo Gaspar ni nani, na alifikaje Itigi?

Jibu fupi ni kwamba hakufika. Gaspar del Bufalo alizaliwa Roma tarehe 6 Januari 1786 na akafariki humo humo Roma tarehe 28 Desemba 1837. Wakati anazikwa, Itigi haikuwa na reli, haikuwa na stesheni, na hakukuwa na nchi duniani iliyoitwa Tanganyika. Wagogo, Wanyaturu na Wakimbu wa maeneo haya walikuwa na mambo yao, na Roma haikuwa mojawapo.

Jibu refu linapitia kwenye jengo. Ni kanisa la mawe la karne ya 12, lililoko shambani, kwenye miteremko ya milima ya Martani katikati ya Italia, karibu na kamji kadogo kanakoitwa Giano dell'Umbria. Jina lake ni San Felice, yaani Mtakatifu Felisi. Lilijengwa kwa ajili ya watawa ambao nia yao ilikuwa kukaa pale pale mpaka kufa. Mwaka 1815 watawa hawakuwepo tena, na kuta zilikuwa zinangoja kuamuliwa zitakuwa nini: ghala, zizi, au kifusi. Uamuzi uliofanyika mwaka ule ndio ulioleta jina la Gaspar mpaka kwenye vichaka vya Itigi.

Nataka nilieleze hilo jengo kwa sababu mbili. Kwanza, sekondari tulifundishwa zama za kati za Ulaya kwa neno moja tu, ukabaila, tukajibu mtihani tukaondoka. Hatukuambiwa watu wa wakati ule walijengaje, na kwa nini. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, sisi wenyewe tuna majengo ya zamani yanayongoja uamuzi kama ule wa 1815, na sioni kama tunaharakisha.

Haya, twende Umbria.

Umbria ni mkoa wa Italia usio na bahari. Ni nchi ya vilima, ngano, mizabibu na mizeituni, na Giano mpaka leo inasifika kwa mafuta ya zeituni. Karibu na hapo ilipita barabara ya Flaminia, moja ya barabara kuu za dola ya Kirumi, iliyotoka Roma kuelekea kaskazini. Barabara ile ilikuwa kwa watu wa kule kama Reli ya Kati ilivyo kwa watu wa Manyoni na Itigi: kila kitu kilipita hapo, bidhaa, askari, habari, na dini mpya. Ukristo uliingia Umbria mapema kwa sababu ulikuwa na barabara ya kusafiria.

Kwa mapokeo ya kanisa, Felisi alikuwa askofu wa Martana, mji uliokuwa kando ya barabara hiyo, na aliuawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya 4, wakati wa mateso ya Kaisari Diocletian. Kaburi lake likawa mahali pa kuhiji. Watu walikuja kuomba, wagonjwa wakaja kuomba kupona, na palipo na mahujaji panahitajika mtu wa kufagia, kuwasha taa, kupokea wageni na kugawa mkate. Hapo ndipo watawa wanapoingia kwenye hadithi.

Watawa wa kwanza waliolishika kanisa hili walikuwa Wabenedikto. Kwa msomaji wa Kitanzania hao si wageni. Ndio wale wale wa Peramiho, Ndanda, Hanga na Mvimwa. Mwanzilishi wao, Benedikto, alizaliwa Norcia, huko huko Umbria, yapata mwaka 480. Kanuni aliyoandika ni kijitabu kifupi ambacho kinapanga siku nzima: saa za kusali, saa za kazi za mikono, saa za kusoma, saa za kulala. Mtawa anaweka nadhiri ya kutulia mahali pamoja. Hahamihami. Akiingia nyumba hii, atazikwa nyumba hii.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini kanisa la watawa linajengwa tofauti na kanisa la parokia. Kanisa la kijijini linajaa Jumapili na kubaki kimya siku sita. Kanisa la watawa linafanya kazi mchana na usiku. Watawa wanaamka giza nene kuimba zaburi, wanarudi alfajiri, wanarudi tena na tena mpaka jua linazama. Jengo linapaswa kuwavumilia wao, baridi yao, mishumaa yao na sauti zao. Na wakati huo huo, mahujaji nao wanataka kufika kwenye kaburi bila kuwakatisha watawa sala. Hilo ni tatizo la fundi, na fundi wa San Felice alilitatua kwa namna nzuri sana.

Kanisa limegawanywa kwa urefu sehemu tatu, ya katikati na mbili za pembeni. Ukitembea kutoka mlangoni kuelekea altareni, unafika mahali ambapo sakafu haiendelei. Inapanda. Eneo la altare liko juu, unapanda ngazi kulifikia, kama jukwaa. Chini ya hilo jukwaa kuna kanisa jingine dogo, lenye nguzo fupi na dari la matao. Hiyo inaitwa kripta, na humo ndimo lilimo kaburi la Felisi. Yaani watawa wanasali juu, mahujaji wanasali chini, kila mmoja na njia yake, na wote wanamzunguka mtu mmoja aliyelala katikati. Jengo moja lina ghorofa mbili za sala.

Upande wa nyuma wa altare, ukuta haukukatwa bapa. Umejitokeza nje kwa umbo la nusu duara. Ukiwa umewahi kuona mihrabu ya msikiti, wazo lako liko karibu: ni mahali ambapo jengo zima linakuelekeza utazame. Kwa kawaida makanisa ya enzi ile yalielekezwa mashariki, jua linapochomoza, ili sala ya asubuhi na mwanga wa kwanza vikutane altareni.

Mtindo wa ujenzi huu unaitwa Kiromaneski, kwa kuwa mafundi wake waliiga matao ya Warumi wa kale. Tuseme ukweli, sababu kubwa ya sura yake ni hofu ya kuanguka. Tao la mawe halishikiwi na msumari wala nondo. Fundi anaweka kwanza umbo la mbao, anapanga mawe juu yake kutoka pande zote mbili, na jiwe la mwisho la katikati likishakaa, mawe yote yanabanana. Unatoa mbao, tao linasimama kwa uzito wake lenyewe. Lakini uzito ule haushuki chini moja kwa moja, unasukuma kuta kwenda nje. Kadiri dari linavyokuwa zito, ndivyo ukuta unavyotaka kufunguka kama kitabu. Dawa waliyokuwa nayo mafundi wa karne ya 12 ni moja: nenepesha ukuta, na usiutoboe ovyo. Ndiyo maana makanisa ya aina hii yana madirisha madogo na ndani kuna kagiza. Watu wengine wanadhani kile kigiza kiliwekwa kwa ajili ya utakatifu. Hapana. Kilitokana na hesabu za fundi, utakatifu ukaja kukaa ndani yake.

Usoni, juu ya mlango, San Felice ina dirisha lililogawanywa mara tatu kwa vinguzo vyembamba. Ni pambo la mtu asiye na makuu: upande mmoja tu wa jengo umeruhusiwa kutabasamu, kwingine ni jiwe na kimya. Pembeni ya kanisa kuna ua wa ndani uliozungukwa na varanda pande zote. Varanda hiyo ndiyo barabara ya watawa. Kutoka chumba cha kulala kwenda kanisani, kutoka kanisani kwenda kula, unapita kivulini, hunyeshewi, na huhitaji kuzungumza na mtu. Ukitaka kujua maisha ya Wabenedikto bila kusoma kanuni yao, tazama tu ramani ya nyumba yao.

Nani alilipa? Swali hili waandishi wa habari hatulikwepi. Monasteri za zama za kati ziliishi kwa ardhi. Watu wenye mali waliwaachia watawa mashamba ili waombewe, na wakulima wakayalima mashamba hayo na kutoa sehemu ya mavuno. Kwa hiyo yale mawe mazuri yamebeba pia jasho la watu ambao majina yao hayakuchongwa popote. Mwalimu wa historia hakukosea aliposema ukabaila. Alichosahau kusema ni kwamba ukabaila huo huo ulikuwa na hospitali zake, shule zake, nyumba zake za wageni na maktaba zake, na vingi kati ya hivyo vilikuwa ndani ya kuta za watawa.

Turudi nyumbani kidogo, tuone saa ilikuwa ngapi huku. Kusini mwa Unguja, Kizimkazi Dimbani, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Hiyo ni karne ile ile ya San Felice. Wakati fundi wa Umbria anapanga matao yake, fundi wa Unguja alikuwa ameshachonga herufi ambazo bado zinasomeka. Kilwa nako, Msikiti Mkuu ulikuwa umeshaanzishwa karne ya 11, na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji unang'aa. Kwa hiyo mtu akikwambia zama za kati ni habari za wazungu, mwambie apande boti.

Na bara je? Bara ya kwetu haikujenga kwa mawe. Wagogo na Wanyaturu walijenga tembe: miti ya kusimamisha, kuta za fito na udongo, boriti juu, na paa bapa la udongo. Kwenye nchi ya jua kali, usiku wa baridi, mvua ya msimu mmoja na vichaka vilivyojaa miti migumu, hiyo ni hesabu nzuri ya fundi, sawa na ile ya ukuta mnene wa Umbria. Tofauti ni kwamba tembe inadai mkono wa mwenyewe kila mwaka. Ukiiacha misimu michache bila kuikandika, mvua inaichukua. Nitarudi hapa.

Wabenedikto hawakudumu San Felice milele. Katika karne ya 15 nyumba ilihamia kwa Waagostino. Hawa ni watawa wa aina nyingine, na nyumba zao haziongozwi na abati, zinaongozwa na priori. Walikuta kanisa limeshajengwa, wakalitumia kwa namna yao, wakakarabati na kuongeza. Hayo ndiyo maisha ya kawaida ya jengo la zamani: mpangaji anabadilika, sebule inabaki.

Kisha akaja Napoleon.

Mwaka 1808 majeshi ya Ufaransa yaliingia Roma, na mwaka uliofuata nchi iliyotawaliwa na Papa ikaunganishwa na dola ya Ufaransa. Umbria ilikuwa sehemu ya nchi hiyo, maana wakati ule Papa alikuwa mtawala mwenye kodi, askari na magereza, siyo kiongozi wa dini peke yake. Julai 1809 Papa Pius wa Saba akakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Mwaka 1810 Wafaransa wakayafuta mashirika ya watawa katika eneo hilo na kutwaa mali zao. Mapadri wakatakiwa kula kiapo cha utii kwa Napoleon.

Gaspar del Bufalo alikuwa padri kijana, amepewa upadri tarehe 31 Julai 1808, hajafikisha hata miaka miwili kazini. Baba yake alikuwa mtumishi, mpishi katika nyumba ya wakubwa wa Roma. Kijana mwenyewe alijulikana kwa kuhangaika na watu wa hali ya chini. Alipoletewa kiapo, alikataa. Akapelekwa kaskazini mwa Italia, Piacenza, Bologna, Imola, Lugo, mara uhamishoni, mara gerezani, karibu miaka minne. Hakurudi Roma mpaka 1814, mwaka ambao Papa naye alirudi.

Alichokikuta ni nchi iliyochoka. Vita vimepita, mashirika yamevunjwa, makanisa mengi hayana watu, vijijini kuna ujinga na ujambazi. Wazo la Gaspar na wenzake lilikuwa rahisi: mapadri wachache waishi pamoja, wazunguke vijijini kuhubiri, kisha warudi nyumbani kupumzika na kujiandaa upya. Lakini warudi wapi? Hawakuwa na nyumba.

Hapo ndipo San Felice, nyumba isiyo na watawa, na mapadri wasio na nyumba walipokutana. Papa Pius wa Saba akawapa jengo. Tarehe 15 Agosti 1815, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ndani ya kanisa lile la karne ya 12, shirika la Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu likaanza. Gaspar alikuwa na mapadri wenzake watatu tu: Gaetano Bonanni, Vincenzo Tani na Adriano Giampedi. Wanne kwa jumla. Hata timu ya mpira wa wavu haitoshi.

Tazama sasa kinyume kilichopo hapa. Jengo lile lilipangwa kwa ajili ya watu wa kutulia. Varanda, kripta, ukuta mnene, vyote vinasema kaa hapa. Na sasa limekabidhiwa kwa watu ambao kazi yao ni kuondoka. Nyumba ya wakaaji ikageuka kituo cha wasafiri, kama stesheni. Kanisa halikubomolewa ili lifanane na kazi mpya. Kazi mpya ilijipanga ndani ya kuta za zamani, na kuta zikapata sababu ya kuendelea kukarabatiwa.

Gaspar aliondoka na somo hilo. Miaka iliyofuata alitafuta nyumba za watawa zilizoachwa wazi sehemu mbalimbali za nchi ya Papa, akaweka watu wake humo. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Sonnino, mji wa milimani kusini mwa Roma uliosumbuliwa sana na majambazi. Mwaka 1819 serikali ya Papa, ikiwa imechoshwa, iliamuru mji wenyewe ubomolewe na watu watawanywe. Mmeelewa? Serikali ya Papa ilitaka kubomoa mji mzima ili kumaliza ujambazi. Gaspar alikuwa miongoni mwa walioona kwamba kubomoa nyumba hakumalizi njaa wala kisasi. Ubomoaji ulisimamishwa, na mwaka 1821 akapewa jukumu la kufungua nyumba za misheni katika eneo hilo. Hoja yake kwa vitendo ilikuwa hii: palipo na magofu, weka watu wenye kazi.

Gaspar alitangazwa mtakatifu na Papa Pius wa Kumi na Mbili tarehe 12 Juni 1954. Kufikia hapo shirika lilikuwa limeshavuka bahari, likiwemo tawi la Marekani lililoanza miaka ya 1840. Na katika miaka ya 1960, Tanzania ikiwa imepata uhuru wake juzi tu, wamisionari wa shirika hilo kutoka Italia wakaja huku kwetu katikati ya nchi. Jimbo Katoliki la Singida lenyewe lilianzishwa 1972. Hospitali ya Itigi ikafuata, mwishoni mwa miaka ya 1980, ikapewa jina la yule padri aliyekataa kiapo.

Kwa nini Itigi? Angalia ramani. Itigi ni mtoto wa reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na katikati ya pori lile la vichaka ambavyo wanasayansi wa mimea duniani wanavijua kwa jina la Itigi, wakaweka stesheni. Kusini inaondoka njia ya Rungwa kuelekea Chunya na Mbeya. Kama Martana ilivyokua kando ya Flaminia, Itigi imekua kando ya reli. Wagonjwa wanafuata njia, kama mahujaji wa Felisi walivyofuata barabara. Sisemi hospitali ni kripta, msinielewe vibaya. Nasema mtu mwenye maumivu, karne yoyote, anakwenda mahali ambapo amesikia kuna mtu wa kumpokea.

Sasa tuje kwenye lile linaloniuma.

Tuna tabia ya kudhani kwamba majengo ya Ulaya yamedumu kwa sababu ni ya mawe, na ya kwetu yamekufa kwa sababu ni ya udongo. Si kweli. Huko huko Umbria, Norcia, mji aliozaliwa Benedikto, tetemeko la ardhi la tarehe 30 Oktoba 2016 liliangusha basilika ya Mtakatifu Benedikto, ukabaki ukuta wa mbele peke yake. Jiwe nalo linaanguka. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa wa matumbawe na kuba, fahari ya pwani yote, na ukawa gofu. Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mpaka 2014. Kizimkazi ni kamsikiti kadogo, lakini watu wa Dimbani wameendelea kusali humo. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, na umewahi kuezekwa mabati kama nyumba ya mtu yeyote. Si pambo sana, lakini uko hai. Tofauti ya Kilwa na Kizimkazi haiko kwenye ufundi wa mawe. Mji wa Kilwa ulipokosa biashara, msikiti ukakosa watu.

Na tembe? Tembe ilikufa kwa sababu tuliondoka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilihamisha mamilioni ya Watanzania kuwapeleka kwenye vijiji vya ujamaa. Zilizoachwa nyuma hazikuwa na mtu wa kuzikandika, mvua ikafanya kazi yake. Waliofika kijijini waliambiwa nyumba bora ni ya tofali na bati. Bati lina faida zake, hakuna ubishi, mtu anayelala pakavu hana haja ya hotuba yangu. Ila kizazi kimoja kikaacha kumfundisha kingine, na ufundi wa kujenga nyumba inayopoa mchana na kushika joto usiku, bila kununua hata msumari, umebaki kwa wazee wachache. Kwa San Felice alipatikana mpangaji mpya. Kwa tembe hakutafutwa.

Mfano mzuri tunao hata sisi. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walianzisha kituo chao mwaka 1879. Mwaka 1885 wakakikabidhi kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, na ngome ikageuka kuwa misheni. Ngome ilikuwa na nia yake, misheni ikawa na yake. Jengo likapona kwa sababu lilipewa kazi.

Kwa hiyo nikiona stesheni za zamani za Reli ya Kati, maboma ya Wajerumani, na shule za wamisionari wa mwanzo, sijiulizi kwanza kama tumebandika kibao cha "Mambo ya Kale". Kibao hakizibi paa. Najiuliza: ndani kuna nani? Stesheni iliyokosa treni inaweza kuwa maktaba ya kata. Boma linaweza kuwa chuo cha ufundi, na kazi ya kwanza ya wanafunzi ikawa kulikarabati boma lenyewe. Na pale Itigi, au Manyoni, au popote Ugogo na Unyaturu, tunaweza kujenga tembe moja halisi, siyo kwa ajili ya kupiga picha na watalii, bali iwe darasa, mzee anayejua akiwafundisha vijana wa ujenzi kwa nini boriti hii inakaa hapa na udongo ule unachanganywa vile. Tuifanye wakati huyo mzee bado yupo.

Wanaopinga watasema hatuna hela. Wale mapadri wanne wa 1815 nao hawakuwa nazo. Walichokuwa nacho ni kazi ya kufanya na jengo ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa analitaka. Karibu miaka mia mbili baadaye, mama anajifungua salama Itigi katika wodi yenye jina la mmoja wao. Sidai kwamba kila jengo bovu litazaa hospitali. Nasema tu kwamba lililobomolewa halizai kitu, na lililofungwa kwa kufuli nalo linakwenda huko huko, polepole.

Siku nyingine ukipita Itigi, ukasikia kondakta anaita "Gaspar hapo, wa Gaspar!", mwambie jirani yako kwenye siti kwamba jina hilo lilianzia kwenye kanisa la mashambani, katikati ya mizeituni, lililokuwa limeshaachwa. Kisha tazama dirishani, uhesabu majengo yetu yaliyoachwa kutoka hapo mpaka unakokwenda.